Vitufe Si Kozi

Semina ya kutufundisha kuhamishia kozi zetu mtandaoni ilikuwa ya siku mbili katika hoteli moja mjini Nakuru. Chai ya saa nne ilikuja na mandazi na soseji, ya saa kumi ikaja na keki. Kijana wa kitengo cha kompyuta alisimama kando ya projekta akatuongoza: hapa unabofya kuongeza wanafunzi, hapa unapakia faili, hapa unaweka tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kazi. Wahadhiri arobaini na ushei tulibofya pamoja naye. Waliosahau nywila zao waliinua mikono, wakasaidiwa, na baada ya chakula cha mchana wakazisahau tena. Jioni ya siku ya pili tulipigwa picha ya pamoja kwenye ngazi, tukapokea vyeti na nauli, kila mtu akashika njia yake.

Wiki mbili baadaye niliingia kwenye mfumo wa kozi za mtandaoni kutazama kozi zilizojengwa. Nyingi zilikuwa na kitu kimoja tu: faili la PDF. Kurasa tisini, kurasa mia na ishirini, zilizoskaniwa kutoka karatasi za taipureta zilizogeuka manjano kwa umri. Faili moja lilikuwa limeingia kichwa chini miguu juu, na hivyo ndivyo lilivyokaa muhula mzima. Simnyooshei mtu kidole. Mimi ni mmoja wa wanaowasaidia wahadhiri kuhamisha kozi, nilikuwa miongoni mwa walioandaa semina ile, na hata keki lilikuwa wazo langu.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja ambalo wakubwa wangu hawalifurahii, kwa sababu haliingii vizuri kwenye ripoti ya robo mwaka. Semina haiwezi kuhamisha kozi kutoka darasani kwenda mtandaoni, hata iwe na mfumo mzuri namna gani. Anayeihamisha ni mhadhiri mwenyewe, akiwa ameketi na mwenzake mmoja anayemuuliza maswali ya kijinga, kwa saa nyingi, na saa hizo zikihesabiwa kuwa kazi kama kazi nyingine.

Nitaeleza kwa kisa cha mwenzangu mmoja anayefundisha sayansi ya udongo. Simtaji jina kwa kuwa hakuomba kuandikwa. Hapa nitamwita Daktari, kama sote tunavyomwita koridoni. Amefundisha kozi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Alikuja ofisini kwangu kwa sababu mkuu wa idara alimtuma, wala si kwa mapenzi yake, na akaangusha faili nene mezani.

"Madam, yote yamo humu. Wewe niambie tu nibonyeze wapi."

Nikamwambia leo hatubonyezi chochote. Alinitazama kama mtu aliyeitwa shambani alfajiri, kisha akaambiwa hakuna jembe. Nikachukua karatasi tupu nikamwomba anisimulie kipindi chake cha wiki iliyopita, tangu alipofungua mlango.

Aliingia, akasalimu, akapiga rejista. Akafundisha chembe za udongo: mchanga, zile chembe laini za wastani, na mfinyanzi. Dakika ngapi? Labda arobaini. Lakini kipindi kina saa tatu, Daktari. Ndiyo, akasema, baada ya hapo huzungusha mabakuli matatu. Kila mwanafunzi anachukua donge, analilowesha, analisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Udongo wa mchanga unakwaruza. Ule laini unateleza kama unga wa uji. Mfinyanzi unanata, na ukiuvuta unatoka utepe. Alipokuwa akieleza, vidole vyake vilikuwa vinasugua hewa.

"Na unajuaje kwamba wameelewa?"

Akanyamaza. Nilidhani nimemuudhi.

"Naona macho," akasema mwishowe. "Mtu akielewa, anaacha kuangalia udongo, anaangalia wa jirani yake."

Ndani ya faili lile nene hapakuwa na mabakuli wala macho. Mlikuwa na zile dakika arobaini tu. Kama ningemwonyesha kitufe cha kupakia siku ile, tungepeleka mtandaoni chini ya robo ya kozi, tena ile robo ambayo mwanafunzi angeweza kuisoma kwenye kitabu chochote maktabani. Sehemu yenye uhai ingebaki darasani kwake hapa Njoro, na hakuna ambaye angegundua kuwa imebaki, maana Daktari mwenyewe hakuwahi kuiandika popote. Alikuwa anaifanya tu.

Naliona hili kwa kila mhadhiri mzuri niliyekaa naye. Sehemu bora ya ufundishaji wake haimo katika noti zake. Imo katika utani anaoutia pale darasa linaposinzia, katika mfano anaoubadilisha akiona nyuso zimekunjamana, katika kule kuhama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa dakika mbili ili jambo liingie. Ukimwuliza, atakwambia hafanyi lolote la ajabu. Ndiyo maana anahitaji mtu wa pembeni, asiyejua udongo na asiyeona haya kuuliza, "Halafu?" Mimi sijui udongo hata kidogo, na kwa kazi hii kutojua kwangu kulikuwa mtaji.

Tatizo ni kwamba tuliingia katika jambo hili kwa mlango mbaya. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020, na siku mbili baadaye rais akatangaza kufungwa kwa shule na vyuo. Vikao vikaitishwa, na agizo likawa: endeleeni mtandaoni. Tukaendelea. Zoom ya bure ilikuwa inakata mkutano baada ya dakika 40, kwa hiyo tulifundisha vipande vya dakika 40 na kusubiriana mlangoni tena. Kikundi cha WhatsApp wakati huo hakikuzidi watu 256, na kozi za pamoja za mwaka wa kwanza zina mamia ya wanafunzi, hivyo mwakilishi wa darasa alifungua kikundi cha pili na cha tatu, na tangazo la kikundi cha kwanza likafika kwenye cha tatu likiwa limebadilika tarehe. Wako wanafunzi ambao muhula mzima niliwajua kwa picha ndogo tu ya wasifu, mmoja akiwa ameweka picha ya mchezaji wa Arsenal.

Mwezi uleule wa Machi 2020, watafiti kadhaa wa Marekani walionya kwamba tusiuchanganye ufundishaji wa dharura na ule wa mtandaoni uliopangwa. Wa kwanza ni sawa na kuhamia kwa jirani kwa sababu nyumba yako inaungua. Huwezi kuihukumu nyumba ya jirani kwa usiku ule mmoja. Lakini sisi tulihukumu. Wahadhiri wengi walitoka 2020 wakiamini kwamba wamekwisha kuuonja ufundishaji wa mtandaoni na kwamba ni mchungu. Wasimamizi nao walitoka wakiamini kwamba kumbe unawezekana bila gharama. Mpaka leo kikao chochote cha jambo hili ni mabishano kati ya pande hizo mbili, na zote zinazungumzia moto ule.

Mgomo nao umetia chumvi kwenye kidonda. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waliweka chini chaki kwa siku 49 mwaka 2025, na kila baada ya mgomo halikosi kuja wazo la kufidia mtandaoni wiki zilizopotea. Kwa mhadhiri, basi, neno "mtandaoni" linanukia adhabu. Ukimwalika kwenye warsha ya kuhamisha kozi, anachosikia ni kwamba atafanya kazi ya wiki saba kwa wiki tatu.

Inasikitisha, kwa sababu kufundisha watu walio mbali si jambo geni hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, chuo cha Nairobi, kabla hakijawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kilikuwa kinafundisha walimu wa shule za msingi kwa barua na redio. Tanzania ina Chuo Kikuu Huria tangu 1992. Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandaoni kilianza 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na kikahamia Nairobi 2002. Chuo Kikuu cha Maseno, pale pale mstari wa ikweta unapoikata barabara ya Kisumu kwenda Busia, kina kampasi yake ya mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati Agosti 2023. Na ukiuliza ukoo wowote wa magharibi mwa Kenya utapata mwalimu aliyesoma shahada yake kwa likizo, Aprili, Agosti na Desemba, akirudi nyumbani na mzigo wa moduli za kusoma kwa taa. Huyo mwalimu alikuwa anasoma kwa mbali. Hakuna aliyeiita hiyo teknolojia.

Waliojenga elimu ya mbali kwa makini walijifunza jambo ambalo sisi tumelikwepa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa 1969 na kikaanza kufundisha 1971, na tangu mwanzo kozi ilikuwa kazi ya kikosi: wasomi kadhaa wa somo, mhariri, watayarishaji wa vipindi kutoka BBC, na mtaalamu wa namna watu wanavyojifunza. Kwetu tunampa mhadhiri mmoja kazi zote hizo, tunamwekea na cheti cha siku mbili, halafu tunashangaa PDF ikiingia kichwa chini.

Kuna msomi mmoja, Michael Moore, aliyewahi kufanya kazi ya elimu ya watu wazima huku Afrika Mashariki kabla ya kupata jina Marekani. Hoja yake kubwa ni kwamba umbali katika elimu haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa mazungumzo yaliyopo kati ya mwalimu na mwanafunzi, na kwa jinsi somo lilivyopangwa. Nimekaa nyuma ya ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mia tano na mikrofoni inayokoroma, na nawahakikishia kwamba kule nyuma ni mbali kuliko Bondo, kule magharibi mwa Kenya.

Turudi kwa Daktari. Kikao cha pili nilimwuliza wanafunzi wake wanatoka wapi. Kundi lile lilikuwa la watu wazima wenye stashahada, wengi wakiwa kazini, wanaojiendeleza. Akaanza kuhesabu: mmoja Ahero, wawili Kakamega, mmoja Molo, mmoja Bondo, watatu hapa hapa Njoro. Katikati ya kuhesabu akasimama. Nililiona wazo likimfikia kabla hajalitamka.

"Lakini Madam, hawa kila mmoja anakanyaga udongo wake!"

Uwanda wa Kano, ulipo Ahero, una udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kung'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Kakamega ni udongo mwekundu uliooshwa na mvua nyingi. Njoro na Molo ni majivu ya volkano ya zamani. Kwa miaka ishirini alikuwa anabeba mabakuli matatu darasani, na sasa alikuwa na wanafunzi walioketi juu ya mabakuli kumi na mawili.

Zoezi alilolitunga halikuhitaji maabara. Chimba shubiri moja chini ya ardhi, chukua udongo, toa mawe na mizizi. Jaza theluthi ya chupa ya maji inayoonyesha ndani, ongeza maji karibu na shingo, tia sabuni ya unga kidogo ili chembe ziachane, kisha tikisa mpaka mkono uchoke. Iweke mahali palipo sawa. Baada ya dakika moja weka alama ya kalamu: hapo mchanga umekwisha kuzama. Baada ya saa mbili weka ya pili: hizo ni chembe laini. Siku mbili baadaye weka ya tatu, ya mfinyanzi. Pima kila tabaka kwa rula, tafuta asilimia, piga picha. Mwisho, utazame udongo wa mwenzako mmoja wa kaunti nyingine, umwambie kwa nini mahindi yake na yako hayawezi kupandwa kwa njia moja.

Tazama sentensi hiyo ya mwisho. Ndiyo yale macho. Anayeelewa huanza kuangalia udongo wa jirani, na sasa kuangalia huko kumeandikwa mahali ambapo Daktari anaweza kukuona akiwa nyumbani kwake saa mbili usiku. Hakuna semina ya vitufe ingemfikisha hapo, na mimi nisingeweza kulitunga zoezi lile hata nikilipwa.

Mabishano yetu makubwa yalikuwa juu ya video. Alitaka kurekodi mhadhara wa saa mbili, kwa heshima ya somo. Nikamtajia utafiti wa Philip Guo na wenzake wa 2014, waliochunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye kozi nne za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni la Marekani, wakaona kwamba watazamaji hushikwa zaidi na video zisizozidi dakika sita. Hakushawishika. Hao ni Wazungu, akasema. Kilichomshawishi ni hesabu ya bando. Saa moja ya video ya kikundi inaweza kula zaidi ya nusu GB. Mwanafunzi wake wa Bondo hununua bando la saa moja. Dakika kumi za ujumbe wa sauti ni MB chache tu. Alipokwisha kulipiga hesabu hilo kwa kalamu, mhadhara wa saa mbili ukawa video tatu za dakika tano na sauti kadhaa. Video mojawapo ni vidole vyake tu vikivuta utepe wa mfinyanzi. Uso wake haumo. Alisema udongo ndio mhusika.

Hapo ndipo napata ugomvi na wanaodhani kizuizi ni umri. Nimesikia kikaoni, mbele ya wazee wenyewe, kwamba tusubiri kizazi hiki kistaafu. Ni matusi, tena yasiyo na ukweli. Baadhi ya kozi mbovu kabisa nilizoziona zilijengwa na vijana wanaojua kila kitufe: slaidi themanini, sauti inayozisoma neno kwa neno, jaribio la kuchagua majibu mwishoni. Wepesi wa vidole uliwawezesha kukosea haraka zaidi.

Sasa fedha na saa. Kozi ya kawaida ina saa tatu kwa wiki kwa majuma kumi na manne hivi, saa 42. Darasani, mhadhiri mzoefu anaziandaa kwa kuipekua noti asubuhi. Kuijenga upya mtandaoni kwa mara ya kwanza kulimchukua Daktari likizo nzima na jioni nyingi, na hapo tulikuwa tumegusa wiki tisa tu kati ya kumi na nne. Kwenye fomu ya kutathmini utendaji wake, kazi hiyo haikuwa na kisanduku. Makala moja katika jarida ambalo hakuna anayelisoma ingemsogeza hatua kuelekea uprofesa mshirika. Kozi inayosomwa na watu mia kwa mwaka haikumsogeza hata sentimita. Kwa mhadhiri wa muda mambo ni mabaya zaidi: analipwa kwa kozi, mara nyingi kwa kuchelewa miezi mingi, na hajui kama muhula ujao atapewa kozi hiyo tena. Kwa nini aijenge? Mimi nisingeijenga.

Kuna na hofu ambayo husemwa kwa sauti ya chini wakati wa chai. Nikirekodi kila kitu, watanihitaji tena? Si wasiwasi wa bure. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyofanywa chini ya mkataba wa ajira huwa mali ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Chuo kinachotaka wahadhiri watoe kilicho bora kinapaswa kuandika makubaliano hayo kabla kamera haijawashwa: nani atatumia, kwa miaka mingapi, na je, mwenyewe akihama anaweza kuondoka na nakala. Ukurasa mmoja unatosha. Nimeuliza kuhusu ukurasa huo mara tatu mahali ninapofanya kazi, na mara tatu nimejibiwa kwamba wanasheria wanaushughulikia.

Juu ya wizi wa mitihani sitakawia, maana yanayosemwa ni mengi kuliko yanayofaa. Mfumo wetu wa alama 30 za majaribio na 70 za mtihani wa mwisho unafanya kila mtu amtazame msimamizi wa chumba badala ya kutazama swali. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, swali la "taja na ueleze" limekufa, na tunalizika kila muhula bila kukubali kuwa ni maiti. Ila kuna jambo linalonichekesha. Mijini kwetu wako vijana ambao kwa miaka mingi wamejipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Ni kazi ya aibu na ya kodi ya nyumba kwa pamoja. Lakini kijana huyo wa plotini ameingia ndani ya kozi nyingi za mtandaoni za ng'ambo kuliko seneti nzima ya chuo chetu ikijumlishwa. Amesoma maelekezo ya kila wiki, amejibu mijadala, amekutana na zoezi ambalo halikubali kuandikwa na mtu mwingine. Nimewahi kumketisha mmoja wao na kumuuliza ni kazi zipi anazikataa. Akasema anakataa zile zinazomtaka mwanafunzi atumie kitu cha mtaani kwake mwenyewe. Nilipata mafunzo zaidi katika dakika hizo ishirini kuliko katika hoteli yenye keki.

Wapo watakaosema: vizuri, lakini chuo kina mamia ya kozi na nyinyi wasaidizi mko watatu. Mtaketi na kila mtu mpaka lini? Ni swali la haki. Kwanza, kozi zote hazina haja ya kuhamishwa. Muuguzi atajifunzia kando ya kitanda cha mgonjwa, na mwenye kuchomelea vyuma atajifunzia karakana. Pili, ningeanza na zile kozi za pamoja ambazo wanafunzi mia tano husongamana ukumbini, kwa sababu hapo darasa lenyewe limekwisha kushindwa na hakuna cha kuombolezwa. Tatu, Daktari sasa anaweza kuketi na wa pili. Hahitaji kuwa mjuzi wa mfumo. Tena ni afadhali asiwe, ili asikimbilie kitufe pale mwenzake anapokwama kwenye wazo. Kila idara ikiwa na mtu mmoja wa namna hiyo, aliyepunguziwa kozi moja kwa muhula ili apate nafasi, na ikajengwa kozi mbili kwa muhula, baada ya miaka mitatu idara ina kozi kumi na mbili zinazostahili jina hilo. Leo mfumo wetu una mamia ya kozi, nami nikitaka kuonyesha wageni nafungua nne.

Fedha za kupunguza mzigo huo zipo. Ziko kwenye bajeti ya semina. Ukijumlisha ukumbi, chai, chakula, nauli na malazi ya wanaotoka Kisumu, unapata saa nyingi za mtu mmoja kuketi na mwenzake. Kasoro yake ni kwamba kuketi hakuna picha ya pamoja kwenye ngazi.

Kozi ya Daktari ilianza Septemba. Wiki ya tatu, saa tatu usiku, alinipigia simu. Yule mwanafunzi wa Ahero alikuwa ametuma picha ya chupa yake, siku ya nne sasa, na maji yalikuwa bado yamechafuka kama chai ya maziwa. Mstari wa tatu haukuwa na mahali pa kuchorwa. Wenzake walikuwa wamejaa chini ya picha wakibishana: hukutikisa vizuri, ulitia sabuni nyingi, chupa yako iko juu ya friji inayotetemeka.

"Madam, nataka kumjibu, lakini kila mtu asikie. Nibonyeze wapi?"

Nikamwonyesha. Sauti yake ilikuwa ya dakika mbili, jogoo aliyepotea saa akiwika nyuma. Aliwaambia kwamba chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na zina chaji inayozifanya zisukumane, kwa hiyo zinaelea na hazizami. Kisha akamwambia yule wa Ahero achukue chumvi ya jikoni, kijiko kimoja cha chai, atikise tena, aache mpaka asubuhi.

Saa moja na robo asubuhi picha ya pili ilikuwa imeingia. Maji yalikuwa maangavu, na chini yake tabaka nene jeusi limekaa, na kidole cha mtu kikionyesha mstari. Chini ya picha, mwanafunzi wa Kakamega alikuwa amekwisha kuuliza kama chumvi ile ingefanya vivyo hivyo kwenye udongo wake mwekundu.